Mtoto Wenu Sasa Ni Bingwa wa Mbio, Msikatae

Brooklyn Park, Minnesota

Baba, Mama, Magokoro bibi yangu, Mjomba na wote mnaosomewa barua hii hapo Birongo,

Nawaandikia kutoka huku ambako ziwa huganda hadi watu wanaegesha magari juu yake na kuvua samaki kupitia tundu. Nilipowaandikia habari hiyo mlisema baridi imenipanda kichwani. Leo nina habari nyingine ambayo pia hamtaiamini, ila hii nawaomba muikubali mbele ya kamera: mimi ni bingwa wa mbio za masafa marefu.

Mama, usimpigie pasta. Ni mambo ya filamu.

Chuo kimetugawa katika makundi, kila kundi litengeneze filamu ya dakika 12. Letu limechagua mokumentari, yaani filamu inayojifanya ya hali halisi: kamera inatikisika, wazee wanahojiwa wakiwa wameketi, mtaalamu anafafanua, na yote ni uongo uliopangwa kwenye kikao. Mmeshaziona. Si mnaikumbuka The Real Househelps of Kawangware? Ndio mtindo huo. Wamarekani nao wana This Is Spinal Tap ya mwaka 1984, ambamo Rob Reiner alifuatana na bendi ya roki isiyokuwapo duniani, na bado kuna watazamaji waliotoka wakiamini ipo.

Jimbo hili lenyewe lina sifa katika kazi hiyo. Fargo ya mwaka 1996 inafunguliwa na maandishi yanayoapa kwamba kisa ni cha kweli, kilitokea Minnesota mwaka 1987. Hakikutokea. Miaka mitatu baadaye ikaja Drop Dead Gorgeous, mokumentari kuhusu mashindano ya urembo katika mji mdogo wa Minnesota ambao hamtaukuta kwenye ramani yoyote. Kwa hiyo mkisikia nimedanganya, jueni nimefuata mila za wenyeji.

Wazo lilizaliwa hivi. Huku ukisema umetoka Kenya, swali linalofuata ni kama unakimbia. Kinyozi anauliza. Daktari anauliza huku anakupima presha, halafu anaitazama presha na kunyamaza. Kwenye kikao cha kwanza mwenzetu mmoja akauliza vilevile, na kabla sijafungua mdomo, Msomali wa kundi letu aliyekulia Eastleigh, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, akajibu kwa niaba yangu: "Huyu? Basi likimwacha huliaga kwa mkono." Mwalimu aliyekuwa anapita nyuma yetu akasimama. Akasema tusitafute zaidi, filamu tumeipata.

Kisa ni hiki. Kijana wa Birongo ametangazwa bingwa kwa bahati mbaya. Kijiji kimefanya harambee, kimemnunulia viatu na tiketi ya ndege, na sasa yuko Minnesota akijiandaa kwa marathoni ya Minneapolis na St. Paul, ile ya kila Oktoba, kilomita 42.195. Hajui kukimbia. Nyumbani watu wameshajua, lakini pesa zimekwisha kuliwa, kwa hiyo kila anayehojiwa anamsifu zaidi ya aliyemtangulia. Na hatakimbia hata mwishoni, kwa sababu mbio zitafutwa. Hilo hatukulibuni: mwaka 2023 waandaaji waliifuta marathoni hiyo asubuhi ileile, kisa joto. Minnesota! Joto!

Kulikuwa na mzozo mmoja. Mwenzetu anayecheza mtaalamu wa michezo alikuwa ameandika kwamba wakimbiaji wote wa Kenya hutoka Bonde la Ufa. Hapo damu ya Kigusii ikachemka. Niliwauliza: medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na nani? Ni Naftali Temu, Mgusii, mita 10,000, Mexico City, 1968, akimpita Mamo Wolde wa Ethiopia hatua za mwisho kabisa. Na binadamu wa kwanza kukimbia mita hizo 10,000 chini ya dakika 27? Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii, kule Oslo mwaka 1993, kwa dakika 26 na sekunde 58. Kikao kikapoa. Halafu msichana wa Kihmong anayeongoza filamu akasema kwa upole kwamba hiyo inanizidishia aibu mimi, na akaiandika. Sasa Temu na Ondieki wamo ndani, na kila wanapotajwa kamera inanirudia mimi nikipumua.

Hapo ndipo mnapoingia ninyi. Sehemu ya nyumbani itapigwa huko huko kwa simu ya binamu. Msiulize mtasema nini, kwa sababu mokumentari nyingi haziandikiwi maneno. Huandikwa hali: huyu anataka nini, anaficha nini. Mengine mtu anajitungia. Spinal Tap karibu yote ilitungwa hivyo. Kwa hiyo nimewapangia.

Baba ni kocha wangu wa kwanza. Unachoficha ni kwamba hujawahi kuniona nikikimbia. Mjomba ni mweka hazina wa harambee. Unachoficha ni daftari. Shangazi wa Keroka ni jirani mwenye wivu, na kwa hilo shangazi hahitaji mazoezi.

Mama, najua utakavyosema: hutaketi mbele ya kamera na kusema uongo, siku ya hukumu utaulizwa. Nililipeleka suala hilo kikaoni. Uamuzi ni kwamba wewe utasema ukweli mtupu. Utaulizwa kama mwanao anakimbia, utajibu hapana, tangu azaliwe hajakimbia, na anayeuliza atatingisha kichwa na kuandika "mama mnyenyekevu". Ndiyo sehemu bora ya filamu, na mbinguni hudaiwi kitu.

Magokoro hakupangiwa, alijipangia. Tulikuwa tunajaribu simu kwa video, darasa zima limenizunguka, nikamuuliza kwa mzaha kama anakumbuka nikikimbia utotoni. Akaisogeza simu hadi tukaona pua na jicho moja. Akafikiri. Akasema: "Alikimbia mara moja. Nyuki walikuwa wanamfuata." Akanyamaza tena, kisha: "Walimshika." Nilipotafsiri, mwalimu alivua miwani akafuta machozi. Magokoro akauliza wanacheka nini, watu wazima. Ule uso aliouliza nao, wanafunzi wa hapa hulipa ada kufundishwa, na hawaupati. Sharti kubwa la mchezo huu ni mtu asijue kwamba anachekesha, au ajue na asionyeshe. Ninyi mmekaa kwenye mabaraza ya chifu miaka yote hiyo mkisikiliza ripoti za barabara isiyokuwapo. Mmehitimu.

Sasa maagizo ya binamu. Simu ishikwe kwa ulalo. Kioo cha kamera kipanguswe kwanza, kwa ncha ya leso safi, si kwa kidole cha mtu aliyetoka kula ndizi. Anayehojiwa amtazame anayeuliza, asiitazame kamera, isipokuwa pale uongo unapomzidi. Hapo aiibie jicho kidogo na kurudi. Mama atataka kufua vitambaa vya makochi na kuvipiga pasi. Aviache. Kuku wakipita, wapite. Jogoo tu ndiye afungiwe mbali.

Muhimu kuliko yote ni suala la mvua. Kwetu ikishafika alasiri wingu linashuka, na ikianza kupiga mabati hakuna maikrofoni itakayosikia mtu. Kwa hiyo ni asubuhi. Jumamosi haiwezekani, ni Sabato; niliwaeleza wenzangu na wakaipiga mstari mwekundu kwenye ratiba. Siku za kuchuma majani chai, Baba hapatikani kabla ya kupima kilo zake. Imebaki Jumapili saa nne asubuhi. Huku itakuwa saa nane usiku, nami nitakuwa kwenye mapumziko ya zamu yangu ya kulea wazee, nikiwafuata kwa simu jikoni. Mkimaliza, msinitumie video kwa WhatsApp kama mnavyotuma za harusi, inazikamua hadi nyuso zinakuwa uji. Binamu aende saiba ya Keroka azipandishe zikiwa nzima.

Kuhusu Keroka: tunataka picha za soko, za kujazia. Mwalimu akaniuliza mji huo uko kaunti gani ili tujue pa kuomba ruhusa. Nikamwambia Kisii. Nikamwambia pia Nyamira. Akadhani ndiyo filamu imeanza.

Mwalimu huyu ni mtu wa karatasi. Amesoma kwamba Kenya kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayodai leseni kwa filamu za kuonyeshwa hadharani, kwa hiyo binamu aulizie mapema kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, kisha apige hodi kwa chifu. Pia kila atakayeonekana atie saini fomu ya ridhaa. Baba, hii fomu imetafsiriwa na yule kijana wa Eastleigh, isome mara utakazo, lakini si hati ya shamba. Hakuna mstari unaotaja mpaka.

Malipo hakuna. Bajeti yote ni dola 150, na mia zimeshapangiwa chakula cha kikosi, kwa sababu huku hata mwanafunzi haigizi kabla ya piza. Mtatajwa majina mwishoni, kwa herufi zinazopanda polepole.

Jambo la mwisho linamhusu Mjomba. Binamu ameniambia kwamba nilipotuma muhtasari wa filamu, Mjomba aliusomea watu pale kwenye mashine yake ya kusaga, akauishia kwenye harambee, na sasa kuna daftari kweli, na majina, na watu wameanza kutoa mia mia za viatu vyangu. Tafadhali mwambieni pesa za watu zitarudishwa zote. Ila asizirudishe kabla ya Jumapili. Tunataka tumpige picha akizihesabu.

Wenu,
Bingwa