Section 58 Nzima Ina Dawa ya Kutu

Ukiugua homa mtaani kwetu Section 58, Nakuru, majirani watakwambia uende hospitali. Lakini egzosi ya pikipiki yako ikishika kutu, hakuna atakayekutuma popote. Kila mtu ni daktari, dawa anayo jikoni, na matibabu huanza kabla hujamaliza kueleza ugonjwa.

Pikipiki yangu ni skrambla kuukuu, ndefu miguu kama mbuni. Niliinunua kwa ajili ya barabara za vumbi za kupandia Menengai na zile za upande wa Solai. Kusema kweli, siku nyingi hunipeleka Free Area kununua sukuma wiki, ikanirudisha kabla injini haijapata joto la maana. Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Petroli ikiungua hutoa mvuke, na lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji. Ukienda safari ndefu, bomba hupata moto na mvuke ukatoka zake. Ukienda kwa mama mboga na kurudi, maji hubaki ndani ya silensa, yakachanganyika na masizi, yakala chuma usiku kucha huku wewe unakoroma. Kutu inayoonekana nje ni tangazo tu. Biashara yenyewe iko ndani.

Daktari wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Yeye alileta siki. Siki ni dawa kweli: asidi yake huyeyusha kutu, mradi baada ya kuloweka usugue, uoshe kwa maji yenye magadi ili kuikata makali, ukaushe upesi, kisha upake mafuta. Shemeji alikuwa anaijua hatua ya kwanza. Alimimina siki yote ya kachumbari kwenye beseni la kuogeshea mtoto, akalaza bomba humo, akaenda kutazama mpira. Asubuhi chuma kiling'aa, akakianika juani kama sufuria. Kufikia jioni kutu mpya ilikuwa imeota, ya rangi ya chungwa, yenye afya kuliko ile ya jana. Nilipowasha injini, ploti nzima ilinuka kibanda cha chipsi. Watoto wa jirani walikuja wakauliza bei.

Kijana mmoja wa steji akapendekeza maji ya betri. Huyo nilimshukuru nikafunga geti, maana asidi ile haijui tofauti ya kutu, kromiamu na vidole.

Aliyefaulu ni mwalimu mstaafu wa kemia. "Lete ile karatasi ya fedha ya kuokea kuku," alisema. Aliikunjakunja, akaichovya kwenye maji, akaanza kusugua madoadoa taratibu. Alumini ni laini kuliko kromiamu, hivyo huondoa kutu bila kuukwaruza mng'aro. Madoa yalitoka. Tatizo la dawa hii ni kwamba haina kelele wala moshi, kwa hiyo hakuna jirani aliyeisifu. Mama watoto ndiye peke yake aliyeizungumzia, Jumapili, akiwa amemshika kuku mbichi mkononi.

Ila palipokuwa pameshatoka kromiamu yote, mwalimu alinyanyua mikono, tukaenda kwa fundi wa jua kali. Fundi hodari, nisimsingizie. Alikwangua kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi ya kuhimili joto, ile inayovumilia nyuzi 600. Bomba likawa jipya. Tulipokuwa tunaagana akaniambia kwa fahari, "Mkubwa, chini ya silensa palikuwa na katundu kanavuja. Nimekuchomelea, hiyo ni bure."

Katundu kale kaliwekwa na kiwanda ili maji yatoke.

Maji yasipopata mlango wa chini hutafuta wa nyuma. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa dhehebu la Akorino, na Jumamosi vilemba vyake huwa kwenye kamba, vyeupe hadi vinaumiza macho. Niliwasha skrambla, nikavuta mafuta kidogo, ikakohoa tope jeusi la masizi lililokuwa limejaa tumboni. Upepo wa Nakuru ukafanya mengine. Mama yule alitoka, akavitazama vilemba, akaitazama pikipiki, akasema kwa upole ulionitisha kuliko matusi, "Bwana asifiwe, ndugu. Hiyo kitu yako inakohoa nini?"

Nilinunua sabuni, nikanunua na kitambaa. Fundi naye amelitoboa tundu upya. Kuziba kulikuwa bure, kuzibua nimelipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye pikipiki, inama sasa hivi uchungulie chini ya silensa yako. Ukikuta katundu, kaache. Na fundi akitaka kukufanyia hisani, mnunulie chai, umwondoe karibu na mashine ya kuchomelea.