Namna ya Kuuaga Mkanda Ukiwa Kirolirwe

Kabla ya kununua kamera ya dijitali, lia kwanza. Msanii wa filamu za majaribio hauachi mkanda akiwa na macho makavu. Wenye majumba ya sanaa Ulaya watamshuku. Na kwa kulia, Kirolirwe ni mahali pake, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitshanga: vilima vya Masisi vimevaa majani mpaka utosini, ng'ombe wamejaa, jibini zinateremshwa Goma. Kwamba Laurent Nkunda aliweka ngome ya waasi wake wa CNDP hapohapo kabla ya kukamatwa Januari 2009, litaje mara moja, kwa sauti ya chini, kisha urudi kwenye kilio chako.

Wa kumuiga yupo. Richard Mosse wa Ireland alikuja Kivu na Aerochrome, mkanda wa Kodak unaonasa infraredi, mwanga ambao macho hayauoni. Wanajeshi waliupenda kwa sababu jani hai huurudisha mwanga huo kwa wingi na kutokea waridi, ilhali turubai ya kijani inayomficha adui hujisaliti. Kodak ilikoma kuutengeneza 2009. Mosse akatafuta masalio, na yeye na mpiga kamera Trevor Tweeten wakapiga The Enclave kwa mkanda wa milimita 16. Mwaka 2013 kazi hiyo iliiwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya Venice, skrini sita ndani ya giza, waasi wakipita katika malisho ya rangi ya peremende.

Sasa zikariri shida za mkanda, maana ndizo zitakazokupa heshima uzeeni. Roli ya futi 100 haifiki dakika tatu. Joto huiharibu. Infraredi hupakiwa kwenye giza totoro, mikono ndani ya mfuko, huku watoto wa kijiji wakijadili umemficha nani humo. Uwanja wa ndege una mashine yake ya miale, na afisa wake asiyetaka maelezo. Ukishavuka hayo yote bado hujui umepata nini mpaka maabara ya ng'ambo ikujibu.

Shida hiyo ya mwisho, nakuambia kwa siri, ilikuwa neema. Mchungaji uliyempiga na ng'ombe zake akikuambia, "Onyesha basi," unanyoosha mikono kwa huzuni ya kweli: "Papa, picha bado iko gizani." Wewe unaondoka, na mzee hajui kwamba katika nchi nyingine malisho yake yamekuwa waridi.

Dijitali inaiondoa neema hiyo, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanahangaikia chembechembe za picha na rangi nyeusi isiyo nyeusi sawasawa. Achana nazo. Hatari yako ni ile skrini ndogo ubavuni mwa kamera. Kirolirwe nzima itataka kuitazama. Mtu atasema yule si ng'ombe wake. Mama atasema futa, nilikuwa sijajifunga kitambaa vizuri. Kijana atauliza kwa nini umempiga mwenye bunduki mara nane na mwalimu hujampiga hata mara moja. Dawa ni kuifunika skrini kwa plasta na kusema imeharibika.

Au fuata njia ya Mosse hadi mwisho. Katika Incoming, iliyoonyeshwa Barbican, London, mwaka 2017, aliacha mkanda akashika kamera ya kijeshi inayosoma joto la mwili na kugundua kwamba kuna mtu umbali wa kilomita 30. Sheria inaihesabu pamoja na silaha. Hata Sake na Goma haziachani kilomita hizo! Kwa kamera ya namna hiyo hakuna mzee atakayekukaribia kuomba aonyeshwe.

Kwenye mahojiano, sema umehamia dunia isiyoshikika. Usitaje kwamba kapasita za vifaa vyako zina tantalamu, na kwamba tantalamu hutoka kwenye koltani, ambayo vijana wa Rubaya, hukuhuku Masisi, wanaichimba kwa sululu. Mkanda wenyewe ulikuwa na jelatini ya mifupa na ngozi za ng'ombe. Masisi ina ng'ombe na ina koltani. Jina lake halijawahi kutokea kwenye orodha ya wadhamini.

Goma pitia usiku. Kule Yole!Africa, aliyoianzisha Petna Ndaliko Katondolo, vijana wamejifunza filamu kwa dijitali bila kuomboleza mkanda wowote. Na Petna mwenyewe, katika filamu yake Kapita, amezichukua picha za enzi za Wabelgiji kuhusu migodi akazigeuza zimshitaki aliyezipiga. Mbele ya watu kama hao kilio chako kitaonekana mafua.

Limebaki la kuagana. Yule mchungaji atakufuata mpaka kwenye gari, simu mkononi, memori kadi ameshaichomoa, akuombe umrushie kipande chake. Mwambie haki zote zimehifadhiwa. Akiuliza zimehifadhiwa kwa nani, washa gari.