Fatwa za Oili

Katika mji wa Mombasa hakuna jambo lililojaaliwa wanazuoni wengi kuliko oili ya tuktuk, na mtu akitaka kulithibitisha hilo, na aegeshe chombo chake mbele ya baraza yoyote ya Kibokoni, afunue injini, kisha anyamaze.

Mimi nina tuktuk moja, aiendeshaye ni mpwa wangu, kijana mwenye adabu ambaye kila ashauriwalo hulipokea kwa taadhima na, kwa masikitiko yangu, hulitenda. Mzee mmoja aliyepanda Vespa ujanani alimhimiza achanganye oili ndani ya petroli. Akaelezwa kwamba hayo yalikuwa ya injini za mipigo miwili, ambazo oili yake iliungua pamoja na petroli, ilhali yetu ni ya mipigo minne na oili ina makao yake chini ya injini. Akasema ndiyo maana vyombo vya siku hizi havina nguvu. Mwingine akaitia ila 20W-50 kwamba ni nzito, ingawa ile 50 ndiyo daraja ya uzito wake katika joto la nyuzi 100, na ile 20 yahusu wepesi wake penye baridi kali, baridi ambayo sisi hatuijui hata Julai, tunapojifunika shuka mbili na kulalamika.

Hatimaye muuza vipuri akamshawishi kijana anunue oili ya motokaa, nyepesi, ghali, yenye rangi ya asali.

“Mjomba,” akaniambia kwa fahari, “hii ndiyo watiayo wakubwa!”

Sasa, klachi ya tuktuk haikai pakavu. Huogelea katika oili ileile ya injini, na sahani zake sharti zishikane. Oili za motokaa za namna ile, zilizokusudiwa kubana matumizi ya petroli, aghalabu hutiwa dawa ya kupunguza msuguano, na dawa hiyo haibagui.

Tulikuja kuyajua hayo pale feri ya Likoni, maji ya bamvua yamekupwa na njia ya kutokea ferini imekuwa mlima. Nilikuwa nimeketi nyuma pamoja na mama mmoja mwenye kikapu cha madafu. Injini ikanguruma kwa ngurumo ya kutufikisha Voi. Magurudumu yote matatu yakatulia tuli. Mpwa wangu akazidisha moto, tukarudi nyuma. Honi zikalia, makuli wakatoa maneno nisiyoweza kuyaandika, nasi abiria tukaombwa tushuke tusukume. Mimi nilishuka.

“Mwanangu,” akasema yule mama bila ya kujongea, “nilipe nauli, kisha nisukume mie?”

Hoja yake haikuwa na jawabu. Tukamsukuma yeye na madafu yake hadi juu, naye, kwa insafu yake, akatuombea dua njia nzima.

Jioni fundi aliimwaga oili yote injini ingali moto, ipate kushuka na taka zake, akasafisha kichujio, akabadilisha washa ya nati ya chini, akatia 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, ambayo ni dhamana kwamba klachi haitateleza. Ile iliyomwagwa, kabla haijapoa karaini, ilikwisha gombewa na majirani wawili, kila mmoja na nguzo zake za kupaka zisiliwe na mchwa. Mara akatokea mzee wa Vespa, akachovya kidole, akanusa, akatangaza kwamba oili ile ingali mbichi na kuitupia mchwa ni israfu, akalitwaa karai lote kwa ajili ya Vespa yake, ambayo kwa miaka mingi haijapandwa ila na kuku.