Roboti la Masaki

Wenye mabwawa ya kuogelea Masaki siku hizi hawaulizani watoto wanasoma wapi. Wanaulizana: roboti lako la kusafisha bwawa linapanda ukuta? La bei nafuu husugua sakafu tu. La bei mbaya hupanda mpaka usawa wa maji, pale penye utando wa mafuta ya kujipaka ya wageni wa Jumapili, likasugua kwa fahari. Hilo ndilo la kuwaonyesha mashemeji.

Chujio hakuna anayeuliza, na ndiko kazi iliko: wavu ukiwa mpana, vumbi la Dar hupenya likarudi majini. La waya hujisokota. Lisilo na waya linataka kuchajiwa, na umeme wetu mnaujua.

Ila klorini halitii. Maji yakigeuka kijani kama mlenda, litazunguka humo humo kwa bidii ya mfanyakazi mpya. Likishiba majani ya mwarobaini, halijioshi. Basi anapigiwa simu yule kijana wa bwawa, aliyeachishwa kazi mwezi jana kwa mbwembwe. Amekuja na ndoo yake. Na bei mpya.