Mkanda wa Taa Nyekundu

Mxiuu! Dogo, zima hiyo pikipiki kwanza, tunaongea.

Jana winga wetu, bodaboda wa hapahapa Omurushaka, kashika nyama za paja dakika ya nane. Ya nane! Leo kaja anachechemea, simu mkononi, anatuonyesha mkanda wenye vitaa vyekundu: eti ukiufunga pajani msuli unalainika, huumii tena. Na pesa ataipata wapi? Auze butura, yaani kahawa ya mama yake ingali maua mtini! Nyoo!

Mwanga si uganga, hilo sikatai. Finsen wa Denmark alipewa Nobel 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Miaka ya 1960 Mester, daktari wa Hungaria, aliwanyoa panya akawamulika leza aone kama watapata saratani. Wakaishia kuwahi kuota manyoya. Siku hizi wapo waliopima wakaona msuli uliomulikwa kabla ya mazoezi unachelewa kuchoka. Ila kunyumbuka? Hapo ushahidi wenyewe unachechemea kama huyu. Na mkanda unataka chaji, na umeme wa Kagera miaka mingi tuliungojea kutoka Uganda.

Nikamwambia, waitu, inama ushike vidole vya miguu. Mikono ikagota magotini. Wenzake wakacheka, nikawainamisha nao, watano, hakuna aliyefika hata kwenye kifundo. Mtu kutwa yuko juu ya pikipiki, Nkwenda kwenda na kurudi, paja limekunjwa kama panga la mfukoni, saa kumi anaruka uwanjani soksi anavalia njiani. Msuli usikatike una nini?

FIFA wana mazoezi yao, 11+, dakika 20 na hayadai hata senti. Limo la kupiga magoti, mwenzako akubane vifundo, ujishushe mbele polepole mpaka nyuma ya paja kuwake moto. Norway waliyajaribu kwa mabinti 1,892. Timu zilizoyafuata zilipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja.

Unajua kanijibu nini? “Dakika 20 zote, mzee? Si tutakuwa tumeshafungwa?”

Abiria wa Kayanga akatokea. Winga akainua mguu mbovu kwa mikono miwili, akaupitisha juu ya kiti, akapiga honi.