Papa Hahitaji Leseni

Aprili 1935 Ernest Hemingway aliondoka Key West, Florida, kwa boti yake Pilar, akielekea Bimini kuvua samaki wakubwa. Siku hiyo hakufika. Njiani papa alinasa ndoano, na mwandishi akaona kazi ni ndogo: mkono mmoja upembo wa kumvutia ubavuni mwa boti, mkono wa pili bastola ya kummalizia. Papa akajipinda, upembo ukavunjika, bastola ikalia. Risasi ikagonga ukingo wa shaba, ikapasuka, vipande vikamwingia mwenye bastola miguuni.

Yote miwili.

Boti ikageuza. Katy, mke wa mwandishi John Dos Passos, alikuwamo safarini, naye alikasirika hata akakataa kumsemesha majeruhi. Nani angemlaumu? Hemingway hakuona haya. Kisa chenyewe alikiandika katika jarida la Esquire. Mwandishi hatupi kitu, hata risasi.

Alipofika Bimini baadaye, alikuwa ameongeza silaha, si busara: safari hii alikuwa na bunduki ya rashasha aina ya Thompson. Rafiki yake, mchoraji Mike Strater, akanasa nduaro mkubwa mno. Papa wakatokea, Hemingway akawamiminia risasi. Damu ya waliopigwa ikawaita wengine, nao wakaja kama wageni wa harusi isiyo na kadi. Nduaro alipopandishwa, karibu nusu yake ilikuwa imeshaliwa, na urafiki nao ukapoa.

Leo samaki wa namna hiyo hahesabiwi kabisa. Kwa kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa 1939, samaki aliyeng'atwa na papa angali kwenye mshipi hana rekodi, kwa hoja kwamba mgonjwa hapigani kwa nguvu zake zote. Kanuni ya aina hiyo iliwaliza mabaharia wa boti Sensation Juni 2023, katika mashindano ya Big Rock huko Morehead City, North Carolina. Siku ya mwisho walivutana na nduaro kwa zaidi ya saa sita, wakamfikisha kwenye mizani: pauni 619.4, karibu kilo 281. Waamuzi wakamkagua, wakaona majeraha. Zaidi ya dola milioni 3 zikayeyuka, na ushindi ukaenda kwa nduaro wa pauni 484.5 wa boti iitwayo (na jina hili halikutungwa hapa) Sushi.

Mabaharia wa Sensation walau walikuwa na papa wa kumlaani. Mwaka 2010, mashindano hayohayo, boti Citation ilileta nduaro wa pauni 883, asiye na jino la yeyote mwilini. Ikagundulika kwamba samaki aliponasa, msaidizi mmoja hakuwa na leseni ya uvuvi, karatasi ya dola chache tu. Aliipata baadaye, nduaro akiwa tayari kanasa. Ushindi ukafutwa, mawakili wakaitwa, na kesi ya samaki ikapanda ngazi hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo.