Pongezi kwa Mzazi wa Xylophone

Wazazi wa mjini wanaomfundisha mtoto wa miaka mitatu kusoma Kiingereza nyumbani kabla hajagusa Kiswahili wanasemwa vibaya bure. Kiswahili kina kasoro kubwa: kinasomeka. Irabu ni tano tu na hazigeuki sauti. Mtoto akishaunganisha ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, anasoma kila kitu, kuanzia "baba" mpaka tangazo la chumba cha kupanga. Sasa mwalimu wa tuisheni ale nini? Kiingereza kina heshima zake. Kwenye "knife" herufi K imeketi mbele kama mgeni rasmi, haitamki neno. "Though", "through" na "cough" zimevaa sare moja mwishoni, kila moja inalia kivyake. Ugumu huo ndio hasa unaomfaa mtu ambaye bado anavaa kandambili kushoto kulia.

Wapo wabishi wanaodai kwamba mtoto husoma upesi kwa lugha anayoongea. Ni kweli, na hatari iko hapo hapo: ataelewa anachosoma, halafu aanze kuuliza maswali. Itazameni chati ya ukutani: A ya apple, X ya xylophone. Embe analo mkononi, maji yake yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, lakini kwenye chati halimo, na ni vyema, lisije likamchanganya. Xylophone hajaiona yeye, hajaiona mama yake, wala aliyewauzia chati. Angalau hapo nyumba nzima iko darasa moja.